Helmut Rahn: Shujaa wa Bern aliyeifikia Bundesliga jua lake likichwa

MASHABIKI wa soka wa Kiembeni, huko Kisauni, Mombasa, wanaoijua Bundesliga kwa majina ya Bayern Munich na Borussia Dortmund, huenda wakastaajabu kusikia kwamba ligi hiyo ilipoanza mnamo 1963, Bayern haikuwamo. Timu iliyomaliza katika nafasi ya pili msimu huo wa kwanza ilitoka Meiderich, mtaa wa wafanyakazi wa migodi na viwanda vya chuma katika mji wa Duisburg. Miongoni mwa washambulizi wake alikuwamo mwanamume wa miaka 34 ambaye tayari alikuwa ameipa nchi yake Kombe la Dunia.

Mwanamume huyo ni Helmut Rahn. Katika pembe hii ya Afrika jina lake halivumi kama la Franz Beckenbauer au Gerd Müller, lakini kwa Wajerumani ni jina ambalo wazee waliwarithisha watoto na wajukuu. Wengi humkumbuka kwa bao moja tu, la dakika ya 84 katika fainali ya 1954. Hata hivyo, maisha yake yana funzo pana zaidi kuliko bao hilo: kizazi kilichoifanya soka ya Ujerumani iheshimike duniani hakikupata kula matunda ya ligi iliyojengwa kwa jasho lake.

Rahn alizaliwa Agosti 16, 1929 mjini Essen, katika bonde la mto Ruhr. Mkazi wa Kiembeni, aliye jirani na kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichoanza uzalishaji mwaka ule ule wa 1954, hahitaji maelezo marefu kuhusu maisha ya mtaa unaotegemea kiwanda. Essen ulikuwa mji wa namna hiyo, tena mkubwa mno: migodi ya makaa ya mawe chini ya ardhi, na tanuri za chuma za kampuni ya Krupp juu yake. Kwa sababu ya viwanda hivyo, mji huo ulipigwa mabomu vibaya wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha mnamo 1945, Rahn alikuwa kijana wa miaka 15, na mpira ulikuwa miongoni mwa starehe chache zilizosalia katika magofu.

Alianza katika vilabu vidogo vya eneo hilo, kisha mnamo 1951 akajiunga na Rot-Weiss Essen. Alicheza winga ya kulia. Hakuwa mchezaji wa mbwembwe nyingi. Alikuwa na kifua kipana, mbio, na shuti kali la miguu yote miwili ambalo makipa waliliogopa hata likitoka mbali. Nje ya uwanja alikuwa mcheshi, msimulizi wa vichekesho na mpenda bia, na wenzake wakamwita Boss, jina lililomganda hadi kaburini.

Akiwa na Rot-Weiss Essen alitwaa Kombe la Ujerumani mnamo 1953, timu hiyo ilipoishinda Alemannia Aachen mabao 2-1, naye Rahn akifunga la pili. Miaka miwili baadaye klabu hiyo ilitawazwa bingwa wa taifa baada ya kuishinda Kaiserslautern 4-3. Katika msimu wa 1955/56, Essen ikawa mwakilishi wa Ujerumani Magharibi katika Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya, mashindano yaliyokuwa yakifanyika kwa mara ya kwanza.

Katikati ya mafanikio hayo ndipo palipokuja Kombe la Dunia la 1954 nchini Uswisi. Rahn alikaribia kulikosa. Alikuwa Amerika Kusini pamoja na klabu yake katika ziara ya mechi za kirafiki, na Penarol ya Uruguay ilikuwa ikimrai ajiunge nayo. Kocha wa timu ya taifa, Sepp Herberger, alimpelekea telegramu akimtaka arudi mara moja. Rahn akaitii amri hiyo, akaacha mazungumzo na kurejea Ulaya.

Hata baada ya kurejea, nafasi yake haikuwa na hakika. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Uturuki, aliwekwa nje. Akapangwa katika mechi ya pili dhidi ya Hungary, ambayo Herberger aliwapumzisha nyota wake kadhaa, na Wajerumani wakacharazwa 8-3. Rahn alifunga moja kati ya mabao hayo 3. Kuanzia robo fainali hakutoka tena kikosini. Dhidi ya Yugoslavia alifunga bao la pili katika ushindi wa 2-0, na katika nusu fainali Austria ikazamishwa 6-1.

Fainali ilichezwa Julai 4, 1954 katika uwanja wa Wankdorf mjini Bern, mvua ikinyesha. Mpinzani alikuwa Hungary ile ile ya Ferenc Puskás, timu ambayo haikuwa imeshindwa tangu 1950, iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mnamo 1952 na kuiadhiri Uingereza 6-3 uwanjani Wembley mnamo 1953. Baada ya dakika 8 tu, Hungary ilikuwa mbele kwa mabao 2-0. Wengi walidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Max Morlock alikomboa moja katika dakika ya 10, na katika dakika ya 18 Rahn akasawazisha kufuatia mpira wa kona. Kwa zaidi ya saa moja kipa Toni Turek na mabeki wake waliyahimili mashambulizi ya Hungary. Ndipo katika dakika ya 84 mpira uliookolewa na walinzi wa Hungary ukamwangukia Rahn nje kidogo ya eneo la hatari. Mabeki walitarajia apige kwa mguu wa kulia. Akauhamishia wa kushoto, akapiga shuti la chini, na kipa Gyula Grosics hakuufikia. Puskás alitia mpira wavuni dakika chache baadaye, lakini refa akalikataa bao hilo kwa kuwa alikuwa ameotea. Ujerumani Magharibi ikashinda 3-2.

Ili kufahamu uzito wa bao hilo, ni lazima kukumbuka kwamba vita vilikuwa vimekwisha miaka 9 tu kabla yake. Nchi ilikuwa imegawanywa, miji yake ingali na vifusi, na jina lake lilinuka duniani kwa sababu ya maovu ya utawala wa Hitler. Wanahistoria wengi wa Ujerumani wameitaja siku hiyo kuwa ya kwanza ambapo raia wa kawaida walithubutu kufurahi pamoja hadharani. Furaha hiyo yote ikabebeshwa jina la mtu mmoja wa miaka 24 kutoka Essen.

Mzigo huo haukuwa mwepesi. Kila alikoingia Rahn, watu walimnunulia bia na kumtaka asimulie tena jinsi alivyofunga. Alipenda kusimulia, na alipenda kunywa, na mambo hayo mawili yakaanza kumla. Mnamo 1957 aliendesha gari akiwa amelewa, akalitumbukiza katika shimo la ujenzi, kisha akapambana na polisi waliokuja kumkamata. Shujaa wa taifa akahukumiwa kifungo kifupi gerezani. Magazeti yaliyompamba miaka mitatu kabla yake yakamwandika kama mlevi.

Herberger hakumtupa. Kocha huyo mkali, aliyejulikana kwa nidhamu, alimsaidia Rahn kujirudi na akamchukua katika Kombe la Dunia la 1958 nchini Uswidi. Rahn akamlipa kwa mabao 6, sawa na kijana wa miaka 17 wa Brazil aliyeitwa Pelé; ni Mfaransa Just Fontaine pekee aliyewapita kwa mabao yake 13. Ujerumani Magharibi ilimaliza ya nne. Kwa jumla Rahn alifunga mabao 10 katika fainali mbili za Kombe la Dunia, na alipoichezea timu ya taifa mara ya mwisho mnamo 1960 alikuwa na mechi 40 na mabao 21.

Pamoja na sifa hizo, hakuwa tajiri. Soka ya Ujerumani wakati huo haikuwa na ligi moja ya kitaifa. Palikuwa na ligi tano za kanda, na washindi wake walikutana mwishoni mwa msimu kumtafuta bingwa wa nchi. Mishahara ya wachezaji iliwekewa kikomo cha chini, na wengi walitegemea kazi nyingine ili kukimu familia zao. Wakati huo huo, vilabu vya Italia na Uhispania viliwalipa wachezaji fedha nyingi. Rahn aliondoka Essen mnamo 1959, akacheza msimu mmoja katika klabu ya 1. FC Köln, kisha akavuka mpaka kwenda Uholanzi kuichezea Sportclub Enschede kwa miaka mitatu.

Alipokuwa huko, mambo yalianza kubadilika nyumbani. Timu ya taifa ilitolewa katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile, na waliokuwa wakidai ligi moja ya kulipwa, akiwemo Herberger na rais wa klabu ya Köln, Franz Kremer, wakapata nguvu. Julai 28, 1962, wajumbe wa shirikisho la soka walikutana mjini Dortmund na kupitisha kuundwa kwa Bundesliga. Vilabu 46 viliomba nafasi, 16 vilichaguliwa.

Uteuzi huo ulizua malalamiko mengi. Rot-Weiss Essen, bingwa wa 1955, haikuwamo. Ilipanda kwa mara ya kwanza mnamo 1966. Bayern Munich iliachwa kwa kuwa mji wa Munich ulikuwa tayari umewakilishwa na 1860, nayo ikasubiri hadi 1965. Lakini Meidericher SV, klabu ya mtaa tu, ilipata tiketi, na wengi waliitabiria kushuka daraja mapema.

Kocha wake alikuwa Rudi Gutendorf, kijana wa miaka 36 kutoka Koblenz. Kikosi chake kilijaa vijana, miongoni mwao mshambulizi Werner Krämer na kipa Manfred Manglitz. Gutendorf alihitaji mtu mmoja ambaye wapinzani wangemhofia kwa jina tu. Akamrejesha Rahn kutoka Uholanzi.

Msimu ulifunguliwa Agosti 24, 1963. Timo Konietzka wa Borussia Dortmund alifunga bao la kwanza katika historia ya Bundesliga kabla ya dakika moja kutimia, bao ambalo hakuna kamera iliyolinasa. Siku hiyo hiyo Meiderich iliitandika Karlsruhe 4-1 ugenini, na waliokuwa wakiicheka wakanyamaza.

Mbinu ya Gutendorf ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuvunja. Timu nzima, washambulizi pamoja nao, ilirudi nyuma mpira ulipopotea na kusonga mbele kwa pamoja ulipopatikana, mithili ya komeo linalofungwa na kufunguliwa. Wajerumani wakambandika kocha huyo jina la Rudi wa Komeo. Katika mechi 30, Meiderich ilifungwa mabao 36 pekee.

Rahn hakuwa tena yule wa Bern. Mbio zilikuwa zimepungua na majeraha yalikuwa yakimwandama, lakini shuti lake lilikuwa lile lile. Hasira yake pia haikuwa imezeeka. Septemba 1963, katika mechi dhidi ya Hertha Berlin, alipoteza subira na refa akamfukuza uwanjani. Siku hizo kadi za njano na nyekundu hazikuwapo. Hivyo ndivyo mfungaji wa bao mashuhuri zaidi nchini mwake alivyokuwa mchezaji wa kwanza kufukuzwa uwanjani katika historia ya Bundesliga.

Msimu ulipomalizika, 1. FC Köln ilikuwa bingwa kwa pointi 45, nayo Meiderich ikawa ya pili kwa pointi 39, ikiitangulia Eintracht Frankfurt kwa uwiano wa mabao. Uwe Seeler wa Hamburg aliibuka mfungaji bora kwa mabao 30. Preussen Münster na Saarbrücken zikashuka daraja. Klabu hiyo ya Meiderich, inayojulikana tangu 1967 kama MSV Duisburg, haijawahi kumaliza msimu wa Bundesliga ikiwa juu zaidi ya hapo.

Kwa Rahn, huo ndio ulikuwa mwisho kwa hakika. Alicheza mechi 19 za Bundesliga na kufunga mabao 8, karibu zote katika msimu huo wa kwanza. Majeraha yakamlazimisha kustaafu mnamo 1965.

Hata hao waliobaki ligini hawakuogelea katika fedha. Kanuni za Bundesliga ziliweka mapato ya mchezaji kuwa yasizidi marki 1,200 kwa mwezi, isipokuwa kwa nyota wachache. Vilabu vilijaza viwanja huku wachezaji wakipokea kilichopimwa. Malipo ya siri chini ya meza yakaenea, na hatimaye mnamo 1971 ikafichuka kashfa kubwa ya mechi zilizouzwa na kununuliwa. Miongoni mwa walioadhibiwa alikuwa Manfred Manglitz, kipa wa zamani wa Rahn kule Meiderich, ambaye wakati huo alikuwa Köln. Ni baada ya aibu hiyo ndipo kikomo cha mishahara kilipoondolewa, mnamo 1972. Rahn alikuwa ameshastaafu kwa miaka saba.

Mjini Essen, alijitafutia riziki kwa biashara ya magari yaliyotumika. Kwa muda aliendelea kuonekana katika kilabu cha pombe alichokipenda, ambako watu walikuja kutoka mbali ili wamsikie akisimulia dakika ya 84. Kisha, polepole, akachoka. Katika miaka yake ya mwisho alikataa mahojiano, akakwepa sherehe za kuwaenzi mabingwa wa 1954, akajifungia na familia na marafiki wachache. Mtu aliyependa kusimulia kuliko wote akachagua kunyamaza.

Kocha wake wa Meiderich alifuata njia nyingine kabisa, na ni kupitia kwake kwamba msimu ule wa 1963/64 unagusa Afrika Mashariki. Gutendorf alizunguka dunia akifunza timu za mataifa kutoka Chile hadi Australia. Mnamo 1981 aliiongoza timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, na mnamo 1999 akaenda Rwanda, nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya mauaji ya kimbari ya 1994. Alifariki mnamo 2019 akiwa na umri wa miaka 93.

Hakuwa Mjerumani pekee kuja huku. Harambee Stars ilipofika fainali ya Michezo ya Afrika mnamo 1987 uwanjani Kasarani na kushindwa 1-0 na Misri, kocha wake alikuwa Mjerumani, Reinhard Fabisch. Miaka hiyo ya 1980, televisheni ya taifa ilionyesha kipindi cha Football Made in Germany, na kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo ligi ya Ulaya waliyoijua kwanza. Na katika msimu wa 2017/18, Divock Origi, Mbelgiji mwenye asili ya Kenya na mwanawe mshambulizi wa zamani wa Harambee Stars, Mike Okoth, aliichezea Wolfsburg katika Bundesliga hiyo hiyo. Origi aliikuta ligi ya mamilioni ya yuro. Rahn aliiacha ikiwa ligi ya marki 1,200.

Wapenzi wa soka wa pwani hawatashangazwa na habari za mchezaji aliyeshangiliwa na maelfu kisha akazeeka katika maisha ya kawaida. Mombasa imetoa wanasoka walioivalia jezi timu ya taifa na kurudi mitaani mikono mitupu. Tofauti ni kwamba Ujerumani, kwa makosa yake yote, ilijifunza kutokana na kizazi cha Rahn. Iliunda ligi, ikaona kanuni zake zinawapunja wachezaji na kuzaa ufisadi, ikazibadilisha. Hilo halikumfaidi Rahn, lakini liliwafaidi waliokuja baada yake.

Helmut Rahn alifariki mjini Essen Agosti 14, 2003, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 74, akazikwa katika mji huo huo aliozaliwa. Miezi miwili baadaye filamu kuhusu fainali ya Bern, iliyoelekezwa na Sönke Wortmann, ilianza kuonyeshwa. Inamhusu mtoto wa mchimba migodi wa Essen ambaye humbebea Rahn mfuko wake wa mazoezi na kumwona kama baba. Mamilioni waliitazama, wengi wao wakiwa hawajazaliwa bao hilo lilipofungwa.

Sanamu yake imesimama karibu na uwanja wa Rot-Weiss Essen. Klabu hiyo haijarudi Bundesliga tangu iliposhuka mnamo 1977, lakini bado ina mashabiki wengi na waaminifu. Siku za mechi hupita mbele ya sanamu hiyo wakielekea uwanjani, na wenye watoto huwaeleza ni nani huyo aliyesimama pale.